Ndama wa Mkata Upepo

Kwa aliyelifungia maandazi gazeti la juma lililopita kabla ya kunisoma, nitamshika mkono kidogo tu, kisha tuendelee na balaa.

Mimi ni Apolinary wa Butiama, mstaafu wa mizani ya pamba kule Bunda, mume wa Matrida, baba wa Jenoveva, na kwa ujinga wangu mwenyewe, mlezi wa timu ya baiskeli iitwayo Mara Spidi. Timu ni vijana watatu. Mseti wa Suguti, mwenye miguu. Shomari wa Musoma mjini, fundi baiskeli, mwenye kifua. Dotto wa Nyasura, mwenye maneno.

Niliwaacha pale Mseti alipovuka wa kwanza mbio za kutoka Bunda hadi Musoma, na mdhamini, Abubakary mwenye duka la vipuri, akapanda jukwaani kutoa ile milioni aliyoitangaza kwa kipaza sauti kijiji kwa kijiji. Akashika maiki. Akakohoa. Akasema fedha imekwama benki.

Badala ya bahasha, akaletwa mtamba mweupe, ubavuni kapakwa rangi nyekundu: ABUBAKARY VIPURI.

"Huyu ana mimba," alisema. "Ni wawili kwa mmoja. Milioni haizaagi."

Watu wakapiga makofi. Na sisi tukapiga. Mtu akiwa amechoka mkono unapiga makofi wenyewe.

Wa pili alipewa godoro. Wa tatu alipewa sufuria. Kuanzia wa nne walipewa pole.

Sasa ili mnionee huruma, lazima mjue upepo wa siku ile. Ulitoka ziwani ukiwa na hasira. Kuku wa Makutano walipeperushwa wakaenda kutagia Kiabakari, na wenyewe wanadaiana mayai mpaka leo. Kwenye upepo kama ule hakuna mtu anayeshinda peke yake. Lazima mmoja akae mbele, aupasue kwa kifua chake, na mwenzake ajifiche mgongoni kama mtoto kwenye mbeleko.

Aliyekaa mbele ni Shomari. Kutoka Kiabakari hadi nyumba za kwanza za Musoma alikata upepo yeye, Mseti nyuma yake akipumua vizuri. Pale mjini miguu ya Shomari ikafa. Mseti akachomoka. Shomari akamaliza wa tisa, amepitwa na watu ambao asubuhi walikuwa wanamwomba pampu.

Hiyo ndiyo biashara ya baiskeli, wasomaji wangu. Anayekata upepo ndiye anayeshinda. Anayevuka mstari ndiye anayelipwa.

Kesho yake tulikutana nyumbani kwangu. Tulikuwa tumeshampa ng'ombe jina, Jezi, kwa sababu ya yale maandishi.

"Tumuuze," alisema Dotto. "Tugawane, kila mtu aende kwao."

"Ukimuuza leo utapata bei ya mwenye njaa," nikamwambia. "Mimi nimesikiliza redio tangu haijawa na betri. Ulaya huko mshindi haweki zawadi mfukoni mwake. Inaingia chungu kimoja, wanagawana wote, hadi anayejaza upepo matairi."

"Mzee Apo, ng'ombe haingiagi kwenye chungu mpaka uichinje."

"Haingii yeye. Wanaingia watoto wake."

Nikaona nimewapata.

Nikapanga hivi. Ndama wa kwanza, wa Shomari, kwa kuwa ndiye aliyekula upepo. Wa pili, wa Dotto. Wa tatu, wa Mseti, maana yeye ameshapata jina na picha. Wa nne, wangu, mlezi wa timu na mpika uji. Uji alikuwa anapika Matrida, lakini hilo halikuulizwa.

Mseti hakubisha. Ni kijana wa haki, tatizo lake ni kwamba ana haki kwa sauti ndogo.

Shomari aliuliza mara moja tu. "Mzee, kweli wa kwanza ni wangu?"

"Wako. Hata akizaliwa na kengele na taa."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka na meno ya nyuma.

Shomari hana baiskeli. Fundi baiskeli, lakini hana. Mazoezi yake anafanyia baiskeli za wateja, ndiyo maana pale kwake baiskeli haikawiagi kupona, inakawiaga kurudi kwa mwenyewe. Na kuna timu ya Mwanza ilimwona siku ile akiupasua upepo. Wakamwambia njoo, tunalipa mshahara kila mwezi, ushinde usishinde, kazi yako iwe kuwakatia wengine upepo. Lakini uje na baiskeli yako ya mbio.

Musoma kuna mzee mmoja, Said, anayo hiyo baiskeli. Alikubali kumshikia mpaka ndama azaliwe. Ndama aende kwa Said, baiskeli ije kwa Shomari, Shomari aende Mwanza.

Ndiyo hivyo. Mkate wa kijana ulikuwa ndani ya tumbo la ng'ombe.

Sasa ng'ombe akae wapi? Nilimwambia Matrida akae kwetu.

"Ng'ombe wa watu wanne," alisema mke wangu. "Majani atakata nani? Hao wanne au mimi?"

Basi nikamswaga Jezi hadi Suguti, kwa Nyamhanga, baba mdogo wake Mseti, aliyemlea tangu anatambaa. Na hapo ndipo nilipojichoma mwiba mwenyewe, tena nikausukuma uingie vizuri.

Ukimpa mtu wa kwetu ng'ombe wa wageni amchunge, lazima ale chake. Maziwa, na siku moja ndama. Ningemwambia Nyamhanga kwamba ng'ombe ana wenyewe wanne, mmoja wa Musoma mjini, mmoja wa Nyasura, angedai fungu lake, na fungu la kwanza kupunguzwa lingekuwa la nne, yaani langu. Nikajiona mjanja.

"Huyu ni ng'ombe wa Mseti," nikamwambia, nikamwekea kamba mkononi. "Mtunzie."

Macho ya mzee yakalainika kama ya shangazi. Nikadhani anapenda sana mifugo.

Mimi, mtoto wa Butiama, nimekulia katikati ya ng'ombe, nikasahau kitu ambacho hata mbuzi wa kwetu anakijua. Katika mkoa wetu wa Mara, ukimwambia mzee kwamba kijana wake asiye na mke amepata ng'ombe, hujampa habari ya ng'ombe. Umempa habari ya mke.

Na mke alikuwepo. Mseti alikuwa anakuja kwangu kwa mazoezi na uji. Kisha akawa anakuja siku ambazo hakuna mazoezi. Kisha akawa anakuja siku ambazo hakuna hata uji. Nilipozinduka, Jenoveva alishamwambia mama yake, mama yake alishamwambia padre, na majina yao yalishasomwa kanisani mara mbili.

Sikukasirika. Binti yangu alikuwa anatabasamu akiosha vyombo, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika wilaya hii. Nikasema sawa, waje na mahari.

Wakaja Jumamosi.

Katika ukoo wetu baba wa binti hatoki nje wakati ng'ombe wanakaguliwa. Anakaa ndani kama mgonjwa, anasubiri kuitwa. Nje anasema ndugu yake. Kwangu mimi ni Wambura, mdogo wangu wa tumbo moja, mtu mwenye mikono mikubwa kama makasia na asiyeongozwa na mtu.

Nilikuwa nimekaa kitandani na koti langu la kustaafia. Matrida anaingia na kutoka, analeta habari.

"Wameswagwa vizuri. Wamenona."

"Wangapi?"

"Saba."

"Tulisema wanane."

"Wambura amewauliza hivyo hivyo. Nyamhanga anasema mmoja ana mimba karibu azae, anahesabiwa wawili kwa mmoja. Wambura amekubali, anasema ni hesabu ya kikristo."

Hayo maneno, wawili kwa mmoja, nilishayasikia kwa Abubakary jukwaani.

"Mwenye mimba yukoje?"

"Mweupe, mzuri. Ana uchafu mwekundu ubavuni, sijui alijikwaruza kwenye ukuta wa nani."

Nikaenda dirishani. Jezi alikuwa amesimama pale uani, tumbo kama tenki la maji. Mvua za Suguti zilikuwa zimemfuta duka, lakini VI na R vilikuwa bado vinasomeka.

Nikamwita Wambura kwa mluzi. Akaja dirishani, amenuna.

"Kaka, rudi kitandani. Unaonekana."

"Mkatae yule mweupe."

"Yule mweupe ndiye mzuri kuliko wote. Nimkatae kwa kosa gani?"

"Ana mateke."

"Nimemshika matiti, katulia kama mwalimu wa dini."

"Nimemwota vibaya."

Wambura akaniangalia jinsi anavyoniangaliaga siku ya mnada. "Wewe umestaafu na akili imestaafu. Nikimkataa huyo, wanabaki sita. Nyamhanga ameshasema, huyo ndiye nguzo, ukimtoa huyo anaondoka na wote. Unataka Jeni arudi kuosha vyombo na sura ile ya zamani?"

Ningesema kweli, ningesema mbele ya wazee ishirini kwamba ng'ombe wa mahari ya binti yangu ni mali ya timu, na aliyesababisha ni mimi. Nikarudi kitandani.

Mseti alikuwa nje ya uzio wa minyaa, na suti ya kuazima. Bwana harusi wa kwetu hakanyagi ua wa mkwe siku ile mpaka ng'ombe wote wapokelewe. Nilipoitwa nitoke, nilipita makusudi karibu na uzio.

"Mseti," nikanong'ona. "Umefanya nini?"

"Baba, nilimwambia baba mdogo. Nilimwambia ng'ombe hii ni ya timu. Akasema, mura, kijana wangu, ng'ombe uliyoishinda kwa miguu yako ni ya mahari yako. Nikamwambia kuna makubaliano. Akasema Mzee Apolinary mwenyewe alinipa kamba na kunambia ni ya kwako, au unataka niseme baba mkwe wako ni mwongo?"

"Ukasemaje?"

"Ningesemaje, baba?"

Kweli, angesemaje.

Sita walikuwa wameshaingia zizini. Alibaki Jezi. Kwetu wa mwisho ndiye anayefunga maneno. Baba wa binti anapewa kamba yake, anashukuru, anamwingiza, basi, binti ameolewa, kilichobaki ni padre. Nyamhanga alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake ya kutembelea, anatabasamu, anangoja kunikabidhi.

Nikanyoosha mkono.

Na hapo nikasikia kengele ya baiskeli.

Shomari na Dotto waliingia uani wamevaa jezi za timu, jasho linawatoka. Mseti ndiye aliyewaalika. Angewaacha vipi rafiki zake? Nimewaambieni ni kijana wa haki.

Shomari akaegesha baiskeli ya mteja wake. Akaniona mimi. Akaniona na Jezi. Uso wake ukafunguka.

"Mzee Apo," alisema, akaja hadi kwangu akapiga goti. "Nilikuwa najiuliza Suguti nitafikaje akizaa. Kumbe umeileta mwenyewe. Kumbe ulikuwa unaniwazia."

"Shomari, ingia ndani unywe chai."

"Chai baadaye, mzee. Ngoja nimwone." Akampapasa Jezi tumboni. "Mzee Said ameshaitoa ile baiskeli ukutani. Amesema siku ndama wangu akisimama kwa miguu yake, nipige simu."

Hata wanawake jikoni waliacha kupakua.

"Ndama wa nani?" akauliza Nyamhanga.

"Wangu, mzee. Shikamoo. Wa kwanza ni wangu."

Wambura akanigeukia. "Kaka, huyu kijana anasema nini?"

"Anasema amechoka na safari," nikasema.

"Sijachoka," alisema Shomari. "Hii si ndiyo ng'ombe yetu ya mashindano? Dotto, si ndiyo yenyewe?"

Dotto, ambaye maisha yake yote hajawahi kukosa la kusema, alikuwa ameshaona wazee, ameshaona fimbo, ameshaona suti ya Mseti nje ya uzio. Akanyamaza kama samaki kamongo aliyejifukia matopeni.

"Ilishindwa na nani, hiyo ng'ombe?" aliuliza Nyamhanga.

"Na sisi."

"Nasikia aliyevuka mstari wa kwanza ni Mseti. Wewe ulikuwa wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Wa tisa." Nyamhanga akawageukia wazee wenzake, anafurahi. "Wa tisa anadai ndama. Basi na ziwa nalo lidai, si lilikuwepo."

Wazee wakacheka. Shomari alingoja wamalize. Kwa adabu kabisa akawaeleza upepo. Akawaonyesha kwa mikono, huyu mbele, huyu nyuma. Akawaambia mbele moyo unapiga mpaka kwenye meno, na nyuma mtu anaweza hata kupiga mluzi.

Mzee mmoja wa Suguti akatikisa kichwa. "Yaani unachoka makusudi ili mwingine ashinde? Nani alikulazimisha?"

"Hakuna aliyenilazimisha, mzee. Ndiyo kazi yenyewe."

"Basi kazi ya bure ina malipo ya bure."

Kwenye uzio nikasikia sauti ndogo. "Anachosema Shomari ni kweli," ilisema. Alikuwa Mseti.

"Bwana harusi hasemi," alisema Nyamhanga bila kugeuka. Na mila ikamziba mdomo.

Kisha Nyamhanga akanisogelea mimi. Alikuwa na adabu, na hiyo ndiyo iliyoniua. "Mzee mwenzangu. Siku ile Suguti ulinipa kamba hii kwa mkono wako. Ulisema ng'ombe ni ya nani?"

Nikaangalia juu. Hakukuwa na kitu huko.

"Nilisema ni ya Mseti."

"Mmesikia," alisema Nyamhanga.

Shomari akaniangalia. "Mzee Apo?"

"Nilisema kwa kufupisha, mwanangu."

"Ulifupisha, sawa. Lakini kipande kilichokatwa ni mimi."

Nikajaribu kuokoa. Nikasema kwa sauti ya mzani, ile niliyokuwaga natumia wakulima wakigombana, "Wazee, tufanye hivi. Ng'ombe abaki mahari. Ndama akizaliwa aende kwa huyu kijana. Kila mtu apate."

Hata mimi nilijiona nimeongea vizuri. Nyamhanga akawa anafikiri. Aliyeniangusha ni damu yangu mwenyewe.

"Haiwezekani," alisema Wambura. "Mimi nimepokea saba kwa hesabu ya wanane. Ndama ndiye wa nane. Ukimtoa ndama, mahari haijatimia, na mimi siozi mtoto wa kaka yangu kwa mahari yenye pengo. Ng'ombe wa mahari anaingia na tumbo lake."

"Sawasawa," alisema Nyamhanga, kwa mara ya kwanza wakakubaliana. "Na mimi nje ya hao sina mwingine. Nikiambiwa ndama ni wa huyu wa tisa, naswaga wote saba narudi nao. Kule kanisani mtajua wenyewe jinsi ya kufuta majina."

Jenoveva alikuwa ametokea mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe. Binti yangu hanililiagi, ananiangaliaga tu, na ni afadhali kilio.

Hapo Jezi akaamua na yeye ana neno.

Akapiga hatua mbili, kichwa kikaingia mlangoni mwa zizi, magoti yakakunjika, akalala palepale. Maji yakamwagika nyuma. Nusu yake ya mbele ndani, nusu ya nyuma nje.

"Anazaa," alisema Matrida, kana kwamba sisi wengine tulidhani anaswali.

Wambura akarukia kamba. "Ingiza ndani. Akizalia ndani ya zizi letu, hakuna mjadala tena."

Nyamhanga akashika mkia. "Bado hajapokelewa. Akizalia nje ni wa kwetu."

"Kichwa kiko ndani."

"Ndama anatokeaga kichwani kwa mama yake?"

Wakavuta, mmoja mbele mmoja nyuma, wazee wazima na makoti yao, na ng'ombe wa watu katikati analia. Nimeona mengi. Niliwahi kumwona sangara akimmeza bata, bata akatokea upande wa pili akaendelea na safari yake. Lakini aibu kama ile sijaiona.

"Mwacheni," alisema Matrida. Wakamwacha.

Tukangoja. Ukatokea mguu mmoja. Tukangoja wa pili. Haukuja. Jezi alikazana, akapumzika, akakazana. Mguu ule mmoja ukatoka kidogo, ukarudi ndani.

"Mwingine umekunjwa," alisema Wambura. Akavua koti, akajipaka mafuta ya kula, akajaribu. Mkono wake ulikomea kwenye vidole. Nimeshawaambia, makasia. Mzee wa Suguti naye akajaribu, Jezi akapiga kelele iliyowatoa njiwa kwenye paa.

Nikampigia bwana mifugo. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Mwanamke wa kwenye mtandao akaniambia anayetafutwa hapatikani, na mimi nikamshukuru, sijui kwa nini.

"Watakufa wote wawili," alisema Matrida. "Mnataka kuozeshea mzoga?"

Shomari alikuwa bado amesimama pembeni. Mikono yake ni myembamba kama spoki, ina nguvu za kukaza nati. Akavua saa. Akaosha mikono kwenye karai la kunawia. Akachukua mafuta kwa Wambura bila kuomba, akajipaka hadi kwenye kiwiko, akapiga magoti nyuma ya Jezi.

Mkono ukaingia. Akafumba macho. Tukaona bega lake likizunguka taratibu, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Nimeupata," alisema.

Wazee wakashusha pumzi. Nyamhanga akasema Mungu mkubwa. Mimi nilishaanza kutunga maneno ya shukrani, mazuri, yenye methali.

Lakini bega la Shomari lilikuwa limesimama.

"Nimeushika kwato," alisema tena, bila kufungua macho. "Nikiunyoosha, anatoka. Nikiuachia, unarudi. Siku ile kwenye upepo nilifanya kazi kwanza, nikaacha maneno yaje nyuma, kwa sababu nilikuwa nakuamini. Leo sitaki kelele na mtu. Nataka neno moja tu, hapa, wazee wakisikia. Mzee Apo, huyu ni wa nani?"

Nyamhanga akaokota fimbo yake na kuwatupia macho wale sita waliokuwa zizini. Wambura akaniangalia mdomo. Nje ya uzio suti ya kuazima ilikuwa imeganda kama nguo kwenye kamba. Jenoveva aliweka sinia chini, pale pale kwenye vumbi, vikombe vikagongana.

Mimi, ambaye kutoka Bunda hadi Musoma hakuna aliyewahi kunikuta sina neno, nilifungua mdomo, nikakuta ndani ni mkavu kabisa.

Jezi alikazana.

Shomari hakuvuta.